Sahihi ya Mama Bénédicte Vahwere (1968–2024)

Zamani mambo ya chumba cha mume na mke yaliamuliwa na wazee wa ukoo kwa sauti ya chini. Siku hizi yanachapwa katika programu ya mazishi na kusomwa kwa kipaza sauti, na mimi, kaka mkubwa wa mume wa marehemu, ndimi niliyepewa kuyasoma. Marehemu mwenyewe alitaka hivyo, na alitaka pasifichwe kitu.

Mama Bénédicte Vahwere alizaliwa Nyankunde tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa Papa Fiacre, mkulima, na Mama Hélène. Mama yake alifariki mwaka 1981 akizaa mtoto wa tisa. Bénédicte, mwenye miaka kumi na tatu, ndiye aliyekilea kichanga hicho kwa uji na maziwa ya mbuzi, nacho kikaishi. Ni huyu Papa Didier aliyeketi hapa mbele, kipara kikimeta.

Kwa ajili ya ulezi huo aliacha shule miaka miwili, kisha akarudi kukaa darasani na watoto waliomfikia begani. Mwaka 1988 alipata cheti cha ukunga. Wakati ule tulisema msichana mwenye cheti hawezi kuwa mke mtulivu. Tulisema mengi.

Jumamosi tarehe 22 Julai 1989 aliolewa hapa Bunia na mdogo wangu Adolphe, seremala. Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, hivyo mbuzi wa mahari nilitoa mimi, na kwa desturi ya nyumba yetu aliyetoa mbuzi alikuwa na neno katika ndoa hiyo. Véronique alizaliwa 1990 na Prudence 1992, wote kwa kupasuliwa. Katika mimba ya tatu daktari aliwaambia wazi: atapasuliwa tena, na mimba ya nne inaweza kumuua; afadhali afungwe kizazi siku hiyohiyo. Ilitakiwa sahihi ya mume. Adolphe, kama mdogo mwenye adabu, aliniletea kwanza ile karatasi. Niliikunja nikaitia mfukoni mwa koti. Nilitaka mtoto wa kiume atakayebeba jina la baba. Tarehe 5 Novemba 1994 alizaliwa Tina, na kizazi hakikufungwa.

Jumapili tarehe 22 Januari 1995 niliita ukoo nyumbani kwangu, tumwambie Adolphe aongeze mke wa pili. Alifika na mkewe, ambaye hakualikwa, Adolphe mwenyewe akitembea kwa kutanua miguu.

"Adolphe, unatembea sawa bata," nilimwambia. "Ulianguka na baiskeli?"

"Hapana, yaya," alijibu, maana ndivyo anavyoniita mimi kaka yake. "Banipasua juzi ku hospitali. Miye sitazalisha tena."

Nikauliza ni nani aliyetoa ruhusa.

"Bibi yangu," alisema, akimwonyesha mkewe. "Baliomba sinyatire ya bibi, njo akatia."

Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuandika jina lake chini ya jambo la mwili wa mwanaume. Nilipiga kelele kwamba mbuzi wangu walitoka ili tupate watoto.

"Yaya, mbuzi zilitoka juu ya muntu," Adolphe alisema. "Haiko juu ya tumbo."

Nikamgeukia Bénédicte, nikamwambia ameuua ukoo. Hakuinamisha kichwa.

"Shemeji, miye nilibakia na kitoto ya mama yangu mu mikono. Kama nakufa, ni weye utanyonyesha Tina?"

Shangazi yetu Emerance, ambaye kila mara alikuwa upande wangu, alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Mungoje kwanza maziwa imutoke!" alisema. Baraza likaishia hapo.

Halikuitwa tena kwa jambo la namna hiyo, na hadi leo nalisikitikia. Watu walikaa pamoja, mdogo hakumkatiza mkubwa. Sasa kila mtu anaamua nyumbani mwake huku akitazama simu. Lakini sitasema uongo mbele ya jeneza: siku ile baraza lilikosea, na mimi ndimi niliyeliongoza. Mke wangu mwenyewe alifuata njia niliyoitetea, mimba kumi na moja, na tulimzika akiwa na miaka thelathini na tisa. Bénédicte aliishi miaka ishirini na tisa baada ya karatasi niliyoificha. Alinishinda, tena mchana kweupe.

Miaka hiyo hakuipoteza. Alikuwa mkunga katika zahanati ya Mudzipela, hapa Bunia, hadi 2023, na vita vilipowaleta watu wa Djugu mjini alizalisha ndani ya mahema. Mwaka 2009 aliifanya Alhamisi kuwa siku ya wanaume: mjamzito aliyekuja na mumewe alipimwa wa kwanza. Mchimbaji mmoja alikuja juu.

"Miye niache shimo ya zahabu kule Nizi juu ya kukaa na bibi wa mimba?"

"Na hiyo mimba, aliokota mu njia?" Bénédicte alimjibu.

Akaketi. Alhamisi ya kwanza walikuja wanaume wawili. Mwaka jana benchi halikutosha, wengine walisimama ukutani wakiwa wamebeba mikoba ya wake zao. Yule mchimbaji ni mmoja wa sita waliobeba jeneza leo, na leo ni Alhamisi.

Mwezi wa Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alitibiwa hapa Bunia, kisha akaomba kurudishwa nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, Adolphe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Papa Adolphe, mabinti Véronique, mwalimu huko Ariwara, Prudence, muuguzi, na Tina, mwanasheria, wakwe wawili, wajukuu watano, ndugu zake, akiwemo Papa Didier, na shemeji mmoja mzee. Udongo huu umpokee kwa upole, naye apumzike, maana alifanya kazi.

Nilimwona mara ya mwisho Jumapili tarehe 2 Juni. Alikuwa ameketi uani, miguu imevimba, na Adolphe alikuwa amepiga magoti akimwosha katika beseni mbele ya wageni. Nikageuza uso. Sikulelewa kuona jambo hilo.

"Shemeji, angalia tu," aliniambia. "Haiumize macho."

Nikaangalia. Adolphe akaomba taulo. Ilikuwa kwenye kamba, karibu na mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Nikainuka, nikaitoa, nikampelekea.