Geti la Uwanja wa Tala

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu! Wanaonijua hapa Mitaboni wanajua sina mazoea ya kusimama mbele za watu. Lakini leo nimesimama.

Niliajiriwa na kiwanda kimoja cha Athi River nicheze mpira katika timu yao. Nilikuwa kipa wa akiba. Kipa wa kwanza alikuwa Mutua, nami nilikaa kwenye benchi nikimshikia taulo. Mshahara ule ndio uliomlisha mama yangu.

Ndugu zangu, timu ile ilikuwa imefungwa na hofu! Mganga alituambia tusipite getini tukicheza ugenini, eti wapinzani wamefukia vitu pale. Basi kila mara tuliruka ua wa seng'enge, hata kocha na tumbo lake. Mimi pia niliruka, na usiku sikulala kwa kuogopa vitu ambavyo sijawahi kuviona.

Kisha nikaokoka. Mechi iliyofuata ilikuwa Tala. Wenzangu walipoelekea kwenye ua, mimi nilibaki nyuma.

"Wee kavisi, kijana wewe, ruka!" kocha akapiga kelele. "Tukifungwa leo, kesho usije kazini!"

Nilimfikiria mama. Nikaomba, nikapita getini peke yangu. Mashabiki wa Tala wakacheka: "Asi! Wenzake wanaruka kama mbuzi, yeye anaingia kama mgeni wa heshima!"

Mara nikasikia Mutua akilia. Seng'enge ilikuwa imemchana kiganja! Kocha akatazama huku na huku, na kipa mwingine alikuwa mimi tu.

Haleluya! Siwaambii nilikuwa simba. Bao lao lilinipita katikati ya miguu, kocha akashika kichwa. Lakini ile hofu ya zamani niliitafuta moyoni, sikuiona. Mipira mingine yote niliidaka. Wenzangu wakasawazisha, tukatoka sare, na kazi sikufukuzwa.

Mkono wa Mutua ulipopona, nilirudi kwenye benchi langu. Tukaenda ugenini tena, na timu ikaelekea kwenye ua. Mutua akatazama kovu lake, akanishika bega.

"Ndugu, leo napita na wewe."

Tukapita wawili. Kocha akatutazama, akautazama ua, akashika tumbo lake, akatufuata.

Ndugu zangu, mimi bado ni kipa wa akiba, na nimetosheka. Taulo nalishika kwa furaha, na usiku nalala. Kama kuna ua unaokuchana kila siku kwa sababu ya hofu, Yesu ndiye mlango. Uko wazi. Njoo upite.