Kadi Iliyojibu Yenyewe: Miaka Thelathini na Moja ya Bi. Alistidia Kaijage

Bi. Alistidia Kaijage, mtaalamu wa kompyuta wa Maabara ya Ubora wa Kahawa, Nyanga, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi mitano. Alizaliwa Kahororo mwaka 1965. Aliajiriwa Februari 1994 kama mpima sampuli, enzi ambazo kompyuta pekee ya maabara ilifunikwa kitambaa cha mezani na hakuna aliyethubutu kuigusa. Wiki ya pili tu kazini, kitambaa kilikuwa kimekunjwa na kuwekwa kabatini.

Mwaka 2004 alikwenda masomoni Dar es Salaam kwa miezi tisa, akarudi na lugha ya programu ya jamii ya Lisp. Kwa faida ya wasioijua, katika lugha hiyo kila amri hufungwa ndani ya mabano: neno la kwanza ndilo linalofanya kazi, na yanayofuata ndiyo yanayofanyiwa kazi. Skrini yake ilijaa mabano mpaka Bwana Isaac Kagaruki, mkuu wa maabara wakati huo, akamuuliza kama yamebaki mengine kwa ajili ya barua za ofisi.

Mama Nancy, kama wengi tunavyomwita, si mtu wa maneno mengi. Amewahi kupandisha sauti mara moja tu, Novemba 2007, alipogundua kwamba wenzake walikuwa wamekausha senene, wale panzi wa kuliwa, ndani ya tanuri la sampuli, na kahawa ya vituo vinne ikanukia kitunguu. Tangu hapo kila Novemba ufunguo wa tanuri hulala kwenye mkoba wake. Senene wenyewe aliwala, tena akaongeza mara ya pili.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo jina lake litabaki nayo. Kila kituo cha kukusanyia kahawa kina kipima unyevu chake, na hakuna kipima kisichodanganya kidogo. Kwa hiyo kila kimoja kilikuwa na rekodi yake kwenye kompyuta, ambayo sisi tuliiita kadi: kipo kituo gani, ni cha aina gani, kinapotoka kwa kiasi gani, kilirekebishwa lini. Kadi ilikaa kimya tu. Aliyetaka unyevu wa kweli ilimpasa achague funksheni, yaani kile kipande cha programu kinachopiga hesabu, kisha aipe kadi pamoja na namba iliyosomwa. Funksheni zilikuwa mbili, moja ya vipima vya zamani vya mshale, nyingine ya vipya vya namba. Kumbukumbu ya mtumishi ndiyo iliyoamua ipi iende na kadi ipi.

Agosti 2011 mtumishi mmoja, huku gari la Muleba likipiga honi nje, aliipa kadi ya kituo cha Buganguzi funksheni ya vipima vipya. Kipima cha Buganguzi kilikuwa cha mshale. Sampuli ya mkulima wa huko, Mzee Ildefons Byarugaba, iliyokauka hadi unyevu wa asilimia kumi na mbili, ikatoka kumi na tano, na barua ya kuikataa ikaandikwa. Mtumishi huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu. Wengi wenu mnalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Mzee Byarugaba ndiye aliyekuwa akiwafundisha majirani zake kukausha kahawa. Barua yetu ilisomwa mbele ya wanachama wote wa ushirika wa Buganguzi, na siku hiyohiyo akavuliwa kazi hiyo. Alikunja mikeka yake ya kuanikia akawaachia.

Bi. Alistidia hakuiamini barua ile, kwa sababu alikuwa ameipima kahawa ya mzee huyo kwa miaka kumi na saba. Alichukua sampuli iliyobaki, akaipima uzito, akaitia kwenye tanuri, akaipima tena. Kumi na mbili. Ilimchukua nusu saa kujua kosa liko wapi, na dakika moja kujua ni la nani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kesho yake twende Buganguzi.

Kule alisimama mbele ya mkutano, akasema kosa ni la maabara na programu ameiandika yeye. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika faili, na sikufungua mdomo. Wanachama walipiga makofi, wakamrudishia mzee kazi yake. Mzee Byarugaba alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akarudi kibanjani, kwenye shamba la nyumbani kwake, bila kumpa mtu mkono.

Miezi iliyofuata Mama Nancy alikuwa haonekani chai ya saa nne. Kwanza alizifuta kadi zote, na kila kipima akakifanya kiwe funksheni chenyewe. Hesabu zilitoka sawa, lakini mkaguzi alipouliza kipima cha Muleba mjini kilirekebishwa lini, kompyuta haikuwa na jibu, maana funksheni hufanya kazi bila kueleza kilichomo ndani yake. Akaanza upya. Alitaka kitu kimoja kiwe kadi na funksheni kwa wakati mmoja, na akakuta lugha yake inaruhusu: unapotunga aina mpya ya rekodi, unaweza kuiambatanishia kazi ya kufanya pale rekodi yenyewe inapowekwa mwanzo wa mabano. Jaribio la kwanza vituo vyote viligoma. Alikuwa amesahau kwamba kadi ikiitwa hujikabidhi yenyewe kwa funksheni pamoja na namba, kwa hiyo funksheni iliyotarajia kitu kimoja ilipokea viwili. Alicheka peke yake mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Tangu Januari 2012 tunaandika (buganguzi 13), yaani kadi na namba iliyosomwa, na jibu linatoka. Aina ya kadi ndiyo inayojua hesabu yake, na ukitaka kuisoma kama kadi, tarehe zote zimo. Hakuna tena wa kuchagua, kwa hiyo hakuna wa kukosea pale nilipokosea mimi. Bwana Kagaruki aliuliza kadi hizo zitaanza lini kuomba likizo. Mwaka 2018 vilipokuja vipima vya aina ya tatu, Bi. Joyness, anayerithi meza ya Bi. Alistidia, alivitungia aina ya kadi kwa mchana mmoja na hakugusa mstari mwingine wowote.

Bi. Alistidia aliomba pia kwamba kipima cha Buganguzi kirekebishwe kila msimu kwa kahawa ya Mzee Byarugaba. Mzee alikubali, ila hakuja mwenyewe kituoni hata mara moja. Kopo la kahawa hiyo lililetwa na binti yake, Restituta.

Mwanzoni mwa mwezi huu tulikwenda Buganguzi kwa urekebishaji wake wa mwisho, na Mama Nancy akataka apite kwa mzee kuaga. Tulimkuta nje ya nyumba. Niliinama nikamsalimia kwa Kihaya, kasinge waitu, na kabla sijakaa nikamwambia kwamba mkono uliokosea mwaka ule ulikuwa wangu.

Mzee alinionyesha pa kukaa. Alisema siku ile ya mkutano alimwona mwanamume aliyejificha nyuma ya mgongo wa mwanamke na faili, akajiambia kwamba atamngoja huyo. Alijua atakuja, ila hakujua kwamba anatembea polepole kiasi hicho. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kila msimu alimtuma Restituta amuulize Bi. Alistidia jina la aliyekosea, na kila msimu alijibiwa kwamba programu ni yake yeye. Mara kumi na tatu. Mama Nancy alikuwa akiangalia migomba.

Mzee aliingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu mgeni hupewa na mtu asiye na kinyongo naye. Alimpa Mama Nancy kwanza. Kisha akanipa mimi.

Bi. Alistidia, kwa niaba ya maabara nzima, tunakushukuru. Kwa niaba yangu mwenyewe, nisamehe kwa ile miaka kumi na tatu uliyonibebea. Nenda Kahororo ukapumzike, na Mungu akupe afya na siku nyingi zenye furaha.

Joackim Kyaruzi, Idara ya Sampuli