Mama Haloo, Aliyepokea Simu za Watu Wote

Ndugu zetu, majirani, na nyinyi mliofanya naye kazi, huyu tunayemlaza leo, ambaye wengi wenu mmemzoea kwa jina la Mama Haloo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974, saa mbili asubuhi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mlinzi wa ghala na mshonaji wa magunia. Historia hii imeandikwa na inasomwa na binti yake mdogo, mwenye umri wa miaka kumi na saba, na ndani yake binti huyo atatajwa kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu akianza kusema mimi hatafika mwisho.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 katika shule iliyo nyuma ya karakana ya mabehewa, ambako mwalimu wa kuimba alimsimamisha mstari wa nyuma kabisa ili sauti yake isiwafunike wenzake, akamaliza mwaka 1988, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi Novemba 1992, na mwaka 1994 akasomea upokeaji simu kwa miezi tisa.

Tarehe 3 Februari 2001 aliajiriwa hospitali kuu, akapewa chumba cha simu kilicho chini ya ngazi, kisicho na dirisha, na humo alikaa miaka ishirini na minne, juu ya kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuacha simu ilie mara ya nne, kwa maana alisema anayepiga hospitali hapigi kwa kutaka kusalimia. Hata nyumbani, ukimwamsha ghafla kwenye kochi, aliitika, "Haloo, nikuunganishe na nani?" ndipo mtaa mzima ukampa jina hilo, naye akalipokea kama alivyopokea simu.

Alifunga ndoa tarehe 21 Juni 2003 na dereva wa lori, ambaye ndiye baba yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 2004, sasa ni fundi umeme, na binti tarehe 17 Novemba 2007.

Binti huyo hakuwa mtoto rahisi, na hilo majirani hamhitaji kusomewa. Tangu akiwa na miaka saba aliuma wenzake, alivunja sahani, alitukana walimu, akaitwa Kimbunga, na mwaka 2017 peke yake mama aliitwa shuleni mara kumi na moja, akiacha chumba cha simu mikononi mwa mwenzake na kurudi macho mekundu. Baba alitumia mkanda, mpaka akakiri mwenyewe kwamba mkanda umechoka kabla ya mtoto.

Katika hospitali hiyo hiyo, chumba namba 14, kulikuwa na mshauri wa watoto, ambaye marehemu alikuwa amemuunganishia simu miaka sita bila kuijua sura yake, na siku moja, badala ya kumuunganishia mtu, alimwomba nafasi yeye mwenyewe. Walianza Jumanne tarehe 16 Januari 2018, wakaenda kila Jumanne saa nne asubuhi kwa wiki kumi na nne, mama na binti wakicheza sakafuni na matofali ya plastiki, mshauri akiwatazama kutoka nyuma ya kioo na kumnong'oneza mama maneno kupitia kidude cha sikioni. Siku ya kwanza, kidude kilipokoroma, mama aliropoka, "Haloo, nikuunganishe na nani?" na mshauri akasikika akicheka nyuma ya kioo.

Binti alidhani anapelekwa kutibiwa, kumbe aliyepewa kazi ya nyumbani ni mama. Alifundishwa kucheza na mtoto dakika tano kila siku bila kuamrisha wala kuuliza, jambo lililomshinda kwa wiki tatu nzima, na alifundishwa kwamba sifa itaje kitu kilichofanywa, si kusema tu mtoto mzuri, ndiyo maana jirani yetu wa mlango wa pili alimsikia akisema, "Asante kwa kufunga mlango taratibu," akamwita dirishani, "We Mama Haloo, unamshukuru mtoto kwa kufunga mlango? Basi mlango wenyewe umshukuru!" naye akajibu, "Bei ya bawaba unaijua, shoga?"

Alifundishwa pia kupuuza. Mtoto akipiga kelele za kutaka kutazamwa, na hakuna hatari yoyote, mzazi ageuke, asimtazame, asimjibu, ila mtoto akitulia tu amrudie na kumshukuru kwa kutulia, kwa sababu kinachopuuzwa ni kelele, si mtoto. Binti alipiga mateke mlango wa kabati huku mama amempa mgongo akiosha vyombo, na anakumbuka mikono ile ikisugua sufuria moja mara ya tatu, na anakumbuka kwamba kila alipotulia mama aligeuka, povu likiwa bado viwikoni, akaja. Hakuwahi kukosa kuja. Kwa miaka minne shule haikuita tena.

Kisha tarehe 6 Septemba 2022, akiwa kidato cha pili, binti alirusha stuli kwenye dirisha la maabara, kioo kikamkata mwalimu mkononi, na masomo yake yakaishia hapo. Mshauri alimpa nafasi kwenye kikundi cha vijana, kila Alhamisi, cha kujifunza kuikamata hasira kabla haijafika mikononi, naye alikwenda mara mbili, halafu kila Alhamisi akawa anakaa kwenye ngazi za posta, akirudi nyumbani na kusema, "Leo tumejifunza kupumua," na mama akifurahi na kumshukuru kwa kwenda.

Marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2021. Ijumaa tarehe 11 Aprili 2025, mshauri alipopiga simu kuomba kuunganishwa na famasi, aliuliza kwa nia njema mbona binti haonekani miaka miwili sasa. Jumamosi asubuhi mama aliuliza, binti akapiga kelele, akaingia chumbani na kubamiza mlango. Mnamo saa nne na robo mama alimwita kutoka jikoni. Binti alisikia. Aligeukia ukuta akajiambia, leo na yeye aonje kupuuzwa. Mama aliita mara nne, ya nne ikiwa si jina tena bali sauti tu, na binti alihesabu. Alitoka baada ya dakika ishirini kufuata maji ya kunywa, akamkuta sakafuni kando ya jiko, mdomo umekwenda upande.

Daktari aliuliza kiharusi kimeanza saa ngapi, binti akajibu, "Sasa hivi tu." Hivyo ndivyo ninyi nyote mlivyoambiwa, kwamba alianguka ghafla.

Jumapili mchana, wodi namba 3, mama alimtazama na kusema kwa taabu, "Ulinisikia." Binti akasema, "Ndiyo, Mama, nilikusikia." Mama akageuza uso ukutani, na binti akaona anastahili. Kisha mama akageuka, akatafuta maneno kwa nusu ya mdomo, akasema, "Asante kwa kusema kweli." Hakusema tena. Alifariki Jumatatu tarehe 14 Aprili, saa tano na dakika arobaini asubuhi.

Jana binti alimwendea daktari na kumwambia saa ya kweli, na daktari hakusema kwamba dakika ishirini zingemwokoa, wala hakusema kwamba zisingemwokoa. Jioni baba mdogo, aliposomewa karatasi hii, alisema, "Hayo si ya kusoma mbele za watu, yafute." Baba akavua miwani, akasema, "Asome kama yalivyo."

Familia inawashukuru, na tunataja kila jambo kama yeye alivyofundishwa. Daktari, asante kwa kumsikiliza binti mpaka mwisho bila kutazama saa. Fundi baiskeli, asante kwa kumbeba mpaka kwenye teksi. Jirani wa mlango wa pili, asante kwa kuosha sakafu ya jikoni kabla baba hajarudi safarini. Wafanyakazi wenzake, asanteni kwa kutomruhusu mtu kukalia mto wake. Mshauri, asante kwa kumwambia binti kwamba Alhamisi kiti chake kipo.

Mama, asante kwa kurudi kila nilipotulia. Uliita mara nne nikakaa kimya. Nimekuja sasa, nimechelewa, na nimesema kweli. Upumzike kwa amani.