Reli ya Ndugu Yusto

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Yusto Rwezaura anakabidhi funguo za ofisi ya chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Kimuli, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mingi kati ya hiyo akiwa Katibu.

Alizaliwa Ihembe, ambako treni haijawahi kupita, lakini neno lake kubwa lilikuwa reli. Mjumbe akianza habari za harusi ya mpwa wake, Katibu aligonga meza na kumrudisha kwenye reli. Mgeni rasmi akichelewa, ratiba ilikuwa imetoka nje ya reli. Ghala tulilonalo na vichanja vya kuanikia kahawa ni matunda ya mwendo huo. Shida yake ilikuwa breki.

Mwaka juzi alipitisha azimio la kuchonga barabara ya ghalani upesi kiasi kwamba aliyenyoosha mkono kuuliza swali alihesabiwa kuwa anaunga mkono. Kisha akatangaza kuwa reli imeshalazwa, kilichobaki ni kupanda.

Habari zikamfikia Bibi Kokushubira kibanjani kwake kwamba treni inakuja. Asubuhi akaonekana ameketi kwenye kigoda katikati ya migomba, jembe mapajani. Ndugu Yusto alikwenda, akampa shikamoo, akaeleza kwa kirefu kwamba reli ile ni ya maneno tu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza barabara yenyewe itapita wapi. Katibu akanyoosha kidole. Kidole kikaishia kwenye kaburi la Mzee Cassian, marehemu mume wa bibi.

“Mwanangu,” bibi akasema, “iwe ya chuma, iwe ya maneno, itampitia mume wangu kifuani.”

Ndugu Yusto aliketi palepale kwenye majani makavu ya migomba. Wiki iliyofuata aliitisha mkutano upya, akaomba radhi, na kwa mara ya kwanza akauliza nani anapinga. Wingi wa mikono ulimshtua. Tulikaa kutwa nzima, harusi za wapwa zikiwemo. Leo barabara inapinda pale kwa bibi, na madereva wa malori wananung'unika.

Sasa anahamia kwenye kibanja chao Rugu, yeye na mkewe, Bi Xaveria. Tumedokezwa kwamba huko mwenyekiti ni Bi Xaveria, na maazimio hupita kabla mjumbe pekee hajanawa uso.

Katibu wetu, ahsante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kukubali kusikiliza. Mungu akujalie afya, migomba yenye mikungu mizito, na mapumziko marefu yasiyo na ajenda.