Vitanda Viwili vya Mzee Ndoc

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuilinda Nyumba ya Temali, makumbusho ya mshairi hapa mjini Shkodra, Mzee Ndoc Gurashi anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Amechoka. Sisi wafanyakazi tunaobaki tumechoka pia, lakini leo ni zamu yake.

Alikuja mwaka 1993, warithi walipokuwa ndiyo kwanza wamerudishiwa nyumba na serikali, akaombwa ashike ufunguo mwezi mmoja tu mpaka apatikane mtu wa kudumu. Mtu huyo bado anatafutwa. Hapo katikati Mzee Ndoc amekuwa mlinzi, mfagiaji, mziba paa na msimulizi. Wageni wamesikia kwake habari za Pashk Temali, mshairi aliyefundisha nusu ya mji kusoma; za bintiye Roza, mwimbaji aliyefanya mazoezi mpaka jirani akahama; na za daktari mpangaji aliyewatibu maskini bure na matajiri kwa matusi. Aliwasimulia kama watu waliotoka kidogo kwenda sokoni.

Kilichomchosha hasa ni vitanda. Pashk aliacha pia wana wawili wa kiume. Ukoo wa mwana mkubwa, wenye ghorofa ya juu, unaapa kuwa babu alifia kwenye kitanda cha juu. Ukoo wa mdogo, wenye vyumba vya chini, unaapa alifia cha chini. Nyumba ni yao nusu kwa nusu, na upande wowote ukinuna, nusu yake itauzwa kwa bwana mmoja wa hoteli ambaye hachoki kupiga simu, nasi sote tutarudi makwetu. Basi walipokuja wa juu, Mzee Ndoc aliweka shada la maua ya kitambaa kitanda cha juu. Walipokuja wa chini, alilishusha. Ngazi zile ni kali, na magoti yake si ya chuma. Siku moja pande zote zilikutana mlangoni. Akalificha shada jikoni, akatangaza limepelekwa kufuliwa. Tulicheka wiki nzima.

Machi mwaka huu, siku ya kumkumbuka mshairi, walikuja wote kwa pamoja, na bwana wa hoteli alikuwa ameshawapitia. Bi Drane, mkubwa wa ukoo wa juu, na Bwana Lazër, mkubwa wa ukoo wa chini, walisimama chumba cha chini wakirushiana maneno.

“Kitanda hiki babu hata hakukijua! Kakilalia lini?”

“Wee mama, acha hizo. Mgonjwa yule mlimpandisha ngazi na nini, kamba?”

“Basi nauza!”

“Uza! Mimi moyoni nimeshauza zamani!”

Kisha wakamgeukia mlinzi. “Haya Ndoc, sema wewe. Kipi?”

Mzee Ndoc, ambaye hajawahi kumruhusu hata mtoto kugusa shuka la kitanda kile, aliruka kamba ya kuzuia wageni, akavua viatu, akajilaza.

“Nimechoka, jamani,” alisema. “Malizaneni wenyewe.”

Mara akaanza kukoroma.

Kwetu, aliyelala chini ya paa lako ni mgeni wako, na mgeni akilala hakuna kupaza sauti. Bi Drane alivua koti lake, akamfunika miguu, kisha akanong’ona, “Twende jikoni.” Niliwachemshia kahawa, nami sikuwa nimewahi kuwaona wawili hao meza moja. Walianza kwa kumsengenya Mzee Ndoc, wakafika kwa babu, mara nikamsikia Bwana Lazër akicheka kwa chinichini. Mzee Ndoc alipotokeza mlangoni na soksi zake, akitaka kuomba radhi, Bi Drane alimkata kauli.

“Nani kakuita? Rudi ukalale. Bado tunaongea.”

Bwana wa hoteli amejibiwa hapana, juu na chini. Baadaye nilimwuliza Mzee Ndoc ni kitanda kipi hasa. Alisema hajui, hakuwapo.

Mzee Ndoc, asante kwa kila ngazi uliyopanda kwa ajili yetu. Naona uchungu kukuaga, na siufichi. Nenda kwa mkeo Tereze, ule samaki wa ziwani wakiwa bado wa moto, ulale mpaka jua lifike utosini. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kutoamshwa na mtu. Na usitupigie simu jioni kuuliza kama tumefunga madirisha. Tumefunga.