Olais wa Kakesio na Mashine Iliyoelemewa na Ukaguzi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Olais Ngoitiko wa Kakesio, aliyefariki Dar es Salaam mwezi uliopita kwa malaria. Olais alikuwa mtu wa kompyuta. Narudia: mtu wa kompyuta. Nimeelezwa mara tatu kazi yake, na bado kichwa kinaniuma.

Aliyechanganyikiwa zaidi ni dada yake, Nareyu. Baba yao alipofariki mwaka 1983, Nareyu alidandia lori hadi posta ya Karatu akampelekea Olais telegramu. Jibu likaja: "Mashine inaharibu kumbukumbu zake. Nikimaliza naja." Akamwomba karani asome tena. Mashine gani hiyo inayomzuia mtu kumzika baba yake? Tangu siku hiyo hakumwandikia tena ndugu yake. Miaka mitatu, kimya.

Kwenye mazishi ya Olais alifika Wilibrodi, mfanyakazi mwenzake, mtu wa Mbulu. Nareyu akamkalisha.

"Kaka, hebu niambie. Huyu alikuwa anafanya nini huko?"

Wilibrodi akahangaika kueleza. Ndani ya kompyuta kuna programu kuu inayozigawia nyingine nafasi za kuweka kumbukumbu. Kulikuwa na kosa: programu moja ilivuka mpaka na kuharibu kumbukumbu za wenzake. Wakaweka ukaguzi wa kila nafasi, kila mara. Basi mashine ikawa inakagua tu. Kazi ya dakika moja ikala asubuhi nzima.

"Olais akasema tukague nafasi chache, leo hizi, kesho nyingine. Ati ndivyo mzee wenu alivyotafuta kupe: jioni anashika masikio ya ng'ombe wanne watano mlangoni mwa boma, kesho wengine, na kundi halichelewi kuingia. Tukamcheka. Siku ya tisa kosa likanaswa, huku mashine ikikimbia vizuri."

Nareyu alishindwa kujizuia, akalia.

"Kwa hiyo alikuwa akimkumbuka baba?"

"Kila siku, dada."

"Na mashine ikapona?"

"Ikapona."

"Sasa mbona hakuja?"

Wilibrodi akatazama chini. "Alikuwa anangoja barua yako. Alidhani hutaki kumwona."

Dada Nareyu, na ukoo wote wa Ngoitiko, poleni sana. Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tujiulize leo ni nani tuliyemnyamazia. Mambo ya kompyuta sijayaelewa hata sasa. Hilo la barua nimelielewa.