Theluji Iliyo Juu ya Kitambaa

Mheshimiwa Meya wa jiji la Kitanose, ambalo kuanzia kesho ni jiji letu sote, Mheshimiwa Meya wetu wa Onagisawa, ambaye cheo chako kinakwisha leo saa sita usiku, waheshimiwa madiwani, wazee wetu mlioketi karibu na jiko, ndugu zangu wote, habari za mchana.

Waliotangulia wamesema vizuri. Mimi shule niliiachia njiani, na huu ni mwaka wa thelathini na moja kila baridi ninakwenda Tokyo kuchimba mahandaki ya treni. Wenzangu tunaoondoka pamoja baada ya kuvuna mpunga ndio walionisukuma hapa. Walisema, "Nenda wewe, huna cheo cha kupoteza."

Sikuja kuupinga muungano wa mji wetu na Kitanose. Mji wenye shule isiyo na watoto utaringia nini? Bendera ishushwe, kibao cha ofisi king'olewe. Nina neno moja tu, nalo ni la kitambaa cha manjano.

Mheshimiwa Meya wa Kitanose, hapa kwetu mzee anayeishi peke yake hutundika kitambaa cha manjano mlangoni kila asubuhi, na jioni hukiondoa. Bwana Odashima Sakuji, dereva wa greda la kuondoa theluji barabarani, hukiangalia akipita. Kikiwepo, mzee ni mzima. Kisipokuwepo, anashuka kugonga mlango.

Miaka mitatu iliyopita mama yangu, Kiyo, alianza kukiacha nje siku zote, na kila alfajiri akawa anakikung'uta theluji ili kionekane kimetundikwa upya. Kwa nini? Aliogopa kwamba siku akichelewa, Sakuji atashuka bure kwenye baridi. Nani hapa hakulelewa hivyo? Sisi tuko radhi kufa kuliko kumsumbua jirani.

Jioni moja ya mwezi wa pili aliteleza jikoni, akavunjika nyonga, akalala sakafuni hadi kulipokucha. Nje kitambaa kilikuwa kinaning'inia kama kawaida. Greda likapita. Halafu likarudi kinyumenyume. Sakuji alikuwa ameona kitambaa kimebeba theluji, na theluji ilikuwa imekatika tangu usiku.

Akaingia kwa mlango wa nyuma. Mama akamwambia, "Sakuji, umeingia na viatu."

"Mama Kiyo, tulia nikubebe."

"Lakini kitambaa nilikitundika."

"Ulikitundika jana. Unadhani mimi kipofu?"

Habari hizo nilizipata nikiwa ndani ya handaki, matope hadi magotini. Nilikaa chini palepale.

Leo kazi ya Sakuji inakwisha pamoja na mji. Greda litatoka Kitanose, na nimeambiwa dereva mpya, Bwana Numakura, amepewa ramani yenye alama kwenye kila nyumba ya mzee. Nashukuru. Lakini ramani itamwambia atafute kitambaa. Je, itamwambia atazame kilicho juu ya kitambaa? Itamwambia kwamba wazee wetu ni waongo kwa sababu ya adabu zao?

Ombi langu ni hili: msimu huu mmoja tu wa theluji, Sakuji akae kiti cha pembeni, amfundishe mwenzake kuangalia. Jana nilimwuliza kama ataweza. Akanijibu, "Mgongo umechoka, mdomo bado."

Mama yangu yuko pale mstari wa mbele, ameinamisha uso kwa aibu. Mama, nisamehe, leo nimekusumbulia jiji zima. Afadhali aibu hii kuliko ile sakafu.

Mheshimiwa Meya wa Kitanose, usinijibu hapa. Mbele ya watu kila mtu husema ndiyo. Keshokutwa ninapanda treni. Theluji ya kwanza ikianguka nitampigia mama simu, na sitamwuliza kama kitambaa kipo. Nitamwuliza ndani ya greda lililopita aliona vichwa vingapi.

Mmenivumilia na kunisikiliza hadi mwisho, nawashukuruni nyote.